Daftari la Meza ya Bwana

Babu yangu alikuwa mwalimu wa kanisa huko Mvumi, Dodoma, katika nchi ya Wagogo, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote niliyepata kumfahamu. Alipofariki niliachiwa vitu vitatu: Agano Jipya lake la Cigogo, miwani iliyokatika mkono mmoja, na daftari la jalada gumu ambalo mchwa wamelila pembeni. Kila ukurasa wa daftari hilo ameupigia mistari kwa rula na kuugawa safu nne: jina, kosa, siku ya kusimamishwa, siku ya kurudishwa. Waliomo ni Wakristo wa mtaa wake waliozuiwa kushiriki Meza ya Bwana. Ukurasa wa saba, mstari wa tatu kutoka juu, pana jina la bibi yangu. Kwenye safu ya kosa babu ameandika neno moja tu: ngoma.

Mume alimwandika mkewe kwa mkono wake mwenyewe, na kwa wino, wala si kwa penseli. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na zaidi, nimestaafu, nina wajukuu, na bado ukurasa ule unaninyima usingizi. Babu akiwa hai sikuthubutu kumwuliza. Leo nauliza: ngoma ile ilikuwa dhambi ya namna gani?

Neno lenyewe, dhambi, halikuzaliwa Ugogo. Ni neno la Kiarabu lililofika pwani pamoja na Uislamu, na lilikwisha kuota mizizi katika Kiswahili karne nyingi kabla ya Ludwig Krapf kuanza kutafsiri Maandiko huko Mombasa na Edward Steere huko Zanzibar. Wao walilikuta, wakalitwika mzigo wa maneno ya Kiebrania na Kiyunani. Neno moja la Kiyunani, hamartia, asili yake ni kukosa shabaha, kama mtu anayemlenga swala, mshale ukachoma kichaka. Jingine, anomia, ni kuishi kana kwamba sheria haipo. Hayo ni mambo mawili tofauti. Anayekosa shabaha alikuwa analenga kitu. Asiyejali sheria halengi chochote. Yote mawili yalipanda toka pwani hadi kwetu yakiwa ndani ya neno moja, na mwalimu wa kanisa kijijini hakuwa na namna ya kujua kwamba ameshika mfuko wenye vitu viwili.

Nasi tulikuwa na neno letu. Wagogo husema mbeho. Kwa maana ya kila siku ni upepo, au baridi, lakini wazee walilitumia kwa hali ya nchi nzima. Mbeho ikiwa njema mvua hunyesha kwa wakati wake, ng'ombe huzaa, wanawake hujifungua salama. Ikiharibika, mawingu hupita juu yakaenda kunyesha kwa wengine. Kazi kubwa ya mtemi wa Kigogo haikuwa kuamuru watu na kukusanya majeshi. Alikuwa mtunza mvua na mbeho ya nchi yake. Na mbeho ilipoharibika, hakuna aliyekaa pembeni akasema hilo ni la jirani.

Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi wanawake walivyofanya ng'ombe walipoanza kufa kwa maradhi. Walivaa mavazi ya wanaume, wakashika silaha za wanaume, wakachunga ng'ombe wao wenyewe, wakacheza kuelekea upande linakozama jua, mpaka kwenye kinamasi, na huko wakaitupa ile mbeho mbaya. Bibi aliyaona hayo akiwa mtoto. Aliniambia kwamba lililomtia hofu halikuwa mikuki, bali kumwona mama yake, mwanamke mpole asiyeinua sauti, akipita mbele yake na shuka la baba bila kumtazama, kana kwamba hamjui.

Nilipokuja kusoma Walawi sura ya 16 darasani, nikiwa mwanafunzi, nilinyamaza kimya. Kuhani anaweka mikono juu ya kichwa cha mbuzi, anaungama juu yake maovu ya watu wote, kisha mbuzi anapelekwa jangwani asirudi. Nikamwona mama yake bibi na shuka la baba.

Sisemi mbeho na dhambi ni kitu kimoja. Mbeho haikuuliza nia. Ingeweza kuharibika kwa tendo ambalo mtu hakulikusudia hata kidogo, na dawa yake ilikuwa tendo la watu wote, si majuto ya mmoja. Mafundisho ya Kikristo yanamshika mtu mmoja mmoja na kumwuliza moyoni mwake alitaka nini. Hilo lilikuwa jipya, na naliona kuwa zawadi kubwa. Lakini pembeni ya mbeho wazee walikuwa na sheria iliyojua nia vizuri sana. Wizi ulilipwa, uzinzi ulitozwa ng'ombe, damu ya mtu ilidaiwa, na barazani watu waliulizana kama mtu alikusudia au hakukusudia. Paulo anawaandikia Warumi, katika sura ya pili, kwamba watu wa mataifa wasio na torati huonyesha kazi ya torati iliyoandikwa mioyoni mwao. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alijenga juu ya wazo hilo mafundisho yake ya sheria ya asili: kwamba akili ya mwanadamu yeyote, popote alipo, inashika kwamba jema ni la kutendwa na baya ni la kuepukwa. Mmisionari aliyefika Ugogo akidhani ameleta sheria mahali pasipo na sheria hakuwa amewasoma watu wake mwenyewe.

Wamisionari walifika mapema. Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilipiga kambi Mpwapwa mwaka 1876, kama kituo cha njiani kuelekea Buganda, na mwaka uliofuata Alexander Mackay alikata barabara toka Saadani hadi huko. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani viliikuta misioni hiyo mwaka 1889 ikachomwa, ikajengwa tena. Mvumi ilipata kituo mwaka 1900. Reli ya Kati ikafika Dodoma mwaka 1910, na mwaka 1927 ikaanzishwa Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers, aliyetoka Australia. Yeye na wenzake walikuwa Waanglikana wa mrengo wa kiinjili: Biblia mkononi, mahubiri marefu, pombe mwiko.

Ibada waliyoitumia ilitokana na Kitabu cha Sala cha mwaka 1662. Katika kitabu hicho, mwanzoni mwa Chakula cha Bwana, husomwa Amri Kumi, moja baada ya nyingine, na kila amri ikiisha watu wanaomba rehema na msaada wa kuishika. Babu alizijua amri hizo kama alivyozijua njia za kwenda kisimani. Nilipokuwa mdogo nilisimama karibu yake kanisani na nilisikia kwamba hakuitikia kwa mazoea. Sauti yake ilibadilika kidogo kila amri. Kwenye ile ya nane, ya wizi, alikuwa anashusha sauti. Sababu yake nilikuja kuijua baadaye sana.

Kanisa hilohilo la Uingereza lilikuwa na Kanuni 39 za dini, zilizokamilishwa mwaka 1571, na kanuni ya saba inapaswa kusomwa na kila mtu anayetaka kuelewa yaliyotupata. Inasema kwamba katika sheria aliyopewa Musa kuna mambo ya taratibu na ibada, na hayo hayamfungi Mkristo. Lakini hakuna Mkristo aliye huru asizitii zile amri zinazoitwa za maadili. Kwa hiyo walikuwa na chujio mkononi. Walijua kwamba si kila lililoamriwa na Mungu mwenyewe kwa Waisraeli linambana Mkristo wa leo: nyama ya nguruwe, tohara, siku za sikukuu, hayo yalikuwa ya taratibu. Walipoifikia mila ya Mgogo, chujio hilo walilitumia mara chache mno. Na mila zao wenyewe hawakuzipitisha humo kabisa.

Rudi sasa kwenye daftari. Makosa yaliyojaa humo, ukifungua ukurasa wowote, ni manne: pombe, ngoma, mke wa pili, uganga. Kurasa nzima nzima ni hayo tu.

Nianze na pombe, kwa kuwa ndiyo iliyowaumiza maskini. Nchi yetu ni kame, mvua yake ni ya msimu mmoja, na palizi haingoji. Mwenye shamba kubwa kuliko mikono yake alipika pombe ya mtama, akaita majirani, wakalima tangu alfajiri, jioni wakanywa. Hakuna aliyelipwa fedha, fedha zenyewe hazikuwepo. Mjane Mkristo aliyeacha kupika pombe aliacha pia kuita watu. Akabaki peke yake na jembe, magugu yakampita. Biblia inakataza ulevi, na ulevi nimeuona kwa macho yangu ukimaliza boma la ng'ombe la mtu, sina neno la kuutetea. Lakini katika safu ya kosa babu hakuandika ulevi. Aliandika pombe. Mwanamke aliyepika kibuyu ili apaliliwe mtama na mwanamume aliyeanguka njiani usiku akiwa hajijui wameandikwa kwa neno lilelile.

Mke wa pili. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, London, mwaka 1888, waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe mpaka aweze kuishika sheria ya Kristo, ingawa wake zake wangeweza kubatizwa kwa masharti. Uamuzi huo ulitawala maisha ya watu wetu miaka 100. Nilimjua mzee mmoja, jirani, aliyemrudisha mke mdogo kwao ili aingie katika darasa la ubatizo. Alibatizwa, akapewa jina zuri la Biblia. Yule mwanamke alirudi kwa kaka zake na watoto watatu, na kaka mtu hakuwa na furaha ya kupokea midomo minne. Naamini ndoa ya mume mmoja na mke mmoja ndiyo iliyokusudiwa. Lakini nauliza katika safu ipi lingeandikwa tendo la kumfukuza mwanamke asiye na kosa. Hayumo daftarini. Hakuwahi kubatizwa, hivyo hakuwa na Meza ya kusimamishwa. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988 ndio uliofungua mlango: mwanamume aliyeoa wake wengi kabla ya kuamini aweze kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wake wanaoamini, akiahidi kutoongeza mke, na asilazimishwe kumwacha yeyote. Miongoni mwa waliolisukuma jambo hilo alikuwepo Askofu David Gitari wa Kenya. Mwanamke wa jirani yetu alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sasa ngoma. Muheme ni ngoma ya wanawake. Ni ndefu, imebanwa kiunoni kama mwanamke aliyejifunga kanga, na mpigaji huishika kati ya miguu yake. Wanaume wa Kigogo wana zeze na marimba, lakini muheme ni yetu, na mahali pake pa asili ni kwenye jando la wasichana. Bibi alikuwa mpigaji wa kusifiwa. Mtoto wa dada yake alipotoka jandoni, bibi aliitwa, akaenda, akapiga. Jumapili iliyofuata jina lake likawa kwenye daftari.

Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu watu wa rika langu wanapenda kuutetea utamaduni wote kwa fungu. Jandoni wasichana walikeketwa. Mimi najua ninachokisema. Hakuna hoja ya mila inayoweza kuosha jambo hilo, na wamisionari walipolikataa walikuwa wamesimama juu ya sheria ya maadili yenyewe, ile inayomlinda mtoto asiyeweza kukataa. Serikali yetu ilikuja kusimama nao kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, inayowalinda wasichana walio chini ya miaka 18. Na kazi haijaisha: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba katika mkoa wa Dodoma wanawake 47 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, mkoa wa pili baada ya Manyara.

Lakini angalia daftari. Babu hakuandika ukeketaji. Aliandika ngoma. Wembe na ngozi ya ng'ombe vilifungwa kamba moja, na kwa kuwa ngoma husikika mbali na wembe hausikiki, ngoma ndiyo iliyokamatwa. Wembe ukaendelea na kazi yake kimyakimya, alfajiri, bila ngoma, katika nyumba ambazo Jumapili zilijaza viti vya mbele. Kosa la kuchanganya sheria ya Mungu na mila ya Mzungu halikutunyima ngoma peke yake. Lilitunyima pia macho ya kuiona dhambi ilipokuwa.

Na kuna dhambi nyingine ambayo haikupata hata mstari. Mwaka 1916 Waingereza waliingia Dodoma wakiwasukuma Wajerumani. Majeshi yote mawili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Kisha mvua zikakata. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, jina lenye maana ya kunyang'anyana, na wanahistoria wanakadiria kwamba watu 30,000 walikufa katika wilaya ya Dodoma. Bibi alikuwa mtoto mdogo. Alikumbuka kilindo cha gome la mti kilichofukiwa nyuma ya tembe, ndani kikiwa na uwele. Alikumbuka pia mtoto wa baba yake mdogo aliyekuja jioni moja, akasimama mlangoni, akaambiwa hakuna kitu. Mtoto akaenda zake. Hawakumwona tena.

Baba yake bibi alikuja kubatizwa miaka ya mwishomwisho ya 1920. Wazee wa kanisa walimwuliza maswali. Aliulizwa juu ya pombe, akasema ameacha. Aliulizwa juu ya waganga na juu ya wake, akajibu. Juu ya kilindo hakuulizwa, wala yeye hakusema. Katika Kitabu cha Sala, maungamo ya kila asubuhi hutaja kwanza yale tuliyoyaacha bila kuyatenda, ndipo yanakuja yale tuliyoyatenda. Mzee yule aliyasali maungamo hayo maisha yake yote. Bibi alisema kila walipofika hapo baba yake aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa kiti cha mbele.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 upepo mwingine ulianza kuvuma toka magharibi. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuenea Uganda, uliingia Tanganyika kupitia Bukoba na kufika kwetu. Katikati ya miaka ya 1940 Festo Kivengere, kijana wa Kigezi ambaye baadaye angekuwa askofu na kuukimbia utawala wa Idi Amin mwaka 1977, alikuja Dodoma kufundisha katika Shule ya Sekondari Alliance, ile iliyoitwa baadaye Mazengo na ambayo majengo yake leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Ndugu wa uamsho walikutana chini ya mibuyu, wakaimba wimbo wa Tukutendereza bila kujua Kiganda, na wakaungama. Hawakunong'ona sikioni mwa padri, kama majirani zetu Wakatoliki walivyofundishwa na mapadre Wapasionisti. Walisimama mbele ya wote. Lugha yao ilikuwa kutembea nuruni: mtu akiwa na jambo na ndugu yake aliseme, walimalize, kisha waendelee.

Walichokiungama kilikuwa kigeni kwa daftari la babu. Mmoja alisema amemchukia mmisionari miaka sita. Mwalimu alisema huwapiga watoto kwa sababu ya hasira zake za nyumbani. Wamisionari wenyewe, baadhi yao, walisimama wakaungama dharau waliyokuwa nayo kwa Waafrika. Dhambi iliacha kuwa orodha ya vitu ambavyo Mkristo havigusi, ikawa kitu kilichokaa ndani na chenye njia zake za kujificha. Mambo yaliyotamkwa hadharani yakawa tena ya watu wote, kama mbeho ilivyokuwa ya watu wote. Sidhani ni bahati kwamba Wagogo walielewa upesi.

Siku moja, chini ya mbuyu, babu alisimama. Kabla ya kuwa mwalimu wa kanisa alikuwa kibarua katika genge la reli. Alisema kwamba alipoacha kazi aliondoka na kandili, taa ya mafuta, mali ya reli, akaificha ndani ya blanketi. Hakuihitaji; mafuta yenyewe hakuwa na fedha ya kuyanunua. Aliichukua kwa sababu ilikuwa nzuri na hakuna aliyekuwa anatazama.

Nilipokuja kusoma habari za Augustino, yule Mwafrika wa Thagaste katika nchi inayoitwa leo Algeria, nilimkuta babu humo. Mwishoni mwa karne ya nne Augustino aliandika maungamo yake, na kati ya yote aliyoyatenda ujanani alikaa muda mrefu juu ya mapeari aliyoyaiba usiku na wenzake akiwa na miaka 16. Hawakuwa na njaa. Karibu yote waliwatupia nguruwe. Kilichomtesa ni kwamba alipenda kule kuiba kwenyewe. Wanaotaka kujua Kanisa linamaanisha nini kwa upotovu wa moyo, ule ambao sheria huufichua lakini haiwezi kuuponya, waanzie hapo: kwenye tunda ambalo mwizi hakulitaka.

Babu alitembea na kandili yake hadi kwenye stesheni moja ya Reli ya Kati, siku nzima kwa miguu. Bwana stesheni alifungua kitabu chake cha mali, akapekua nyuma, akapekua mbele. Hakuona kandili iliyopotea. Akamwambia babu arudi nayo nyumbani. Babu akakataa. Akaiweka mlangoni pa ofisi, akaisogeza na mguu ili mtu asiikwae, akaondoka.

Bibi ndiye aliyenisimulia kilichofuata, nami nimekiona daftarini. Babu alirudi usiku, akawasha kibatari, akafungua ukurasa wa 11 na kuandika jina lake mwenyewe. Kosa: wizi. Ndilo neno wizi la pekee katika daftari lote. Akajisimamisha. Mchungaji alimwambia amekwisha kutubu, hakuna haja. Yeye akaketi nyuma Jumapili kadhaa wakati wengine wanakwenda mbele. Na nyuma huko alimkuta bibi, kwa kuwa bibi alikuwa bado amesimamishwa, mwaka wa sita. Kila alipoletewa habari ya kutubu alijibu kwamba hajui atubu nini, na kwamba hawezi kumdanganya Mungu ili kumridhisha mzee wa kanisa. Walikaa benchi moja, mwandishi na mwandikwa. Sijui waliongea nini. Safu ya nne, siku ya kurudishwa, ina tarehe ileile kwa wote wawili. Na kwenye mstari wa bibi neno ngoma limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, uliopigwa kwa rula.

Wana wa uamsho nao, kadiri miaka ilivyokwenda, walijitengenezea orodha zao. Nakumbuka hereni zangu zilivyojadiliwa katika kikao. Lakini waliacha jambo ambalo halikufutika. Mmoja wao, Yohana Omari, aliyezaliwa katika Uislamu, aliwekwa wakfu Namirembe, Uganda, mwaka 1955 na Askofu Mkuu Geoffrey Fisher wa Canterbury, akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana katika Tanganyika. Mwaka mmoja kabla yake, Mathias Mnyampala, mshairi wetu Mkatoliki wa Chilonwa, aliyefanya kazi katika mahakama za wenyeji na kuzijua sheria zetu kutoka ndani, alichapisha kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Nawataja pamoja kwa sababu kwa muda mrefu tuliambiwa tuchague kati ya madhabahu na mila, na hawa wawili, kila mmoja kwa njia yake, hawakukubali kuwa nusu mtu.

Leo muheme inapigwa kanisani kwetu. Kabla ya ibada wasichana wa kwaya huwasha moto wa mabua nyuma ya vestri, wanazizungusha ngoma juu yake ili ngozi ikaze, na sauti ya kwanza ya kujaribu hupita dirishani ikatukuta tumepiga magoti.

Mimi nafundisha darasa la kipaimara. Mwaka jana niliwapa watoto karatasi, nikawaambia waandike dhambi moja wanayoijua, bila kuweka jina. Nilizikusanya nikazisoma nyumbani usiku. Pombe. Bangi. Nguo fupi. Muziki wa kidunia. Pombe. Kwenda kwa mganga. Nguo fupi. Nilihisi kama ninafungua daftari la babu. Karatasi ya mwisho ilikuwa ya mwandiko mbaya, maneno matatu: kuuza zamu maji.

Hapa kwetu kiangazi bomba hutoa maji saa chache, na watu hupanga ndoo tangu usiku. Jumamosi iliyofuata niliuliza ni nani aliyeandika. Mvulana mmoja mdogo akainua mkono nusu. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha kwamba hiyo ni dhambi, maana katika kitabu chetu haimo.

Akasema hakuna aliyemfundisha. Mama yake alikuwa na ndoo ya tano, mwingine akauziwa zamu mbele yake, na bomba likakata.